Adapta haibadilishi stima: kisa cha shangazi aliyerudi kutoka Marekani

Jumatatu saa saba mchana niko kazini, simu ikaingia, shangazi. Alikuwa ametua Alhamisi, ameishi Massachusetts miaka kumi na tisa na sasa amestaafu, amerudi kukaa Kahawa Sukari na mzee wake kwenye ile nyumba walijenga pole pole wakituma pesa. Salamu zikapita mbio alafu akasema, "Mwanangu, hii stima yenu imenimalizia vitu, kuja uniangalilie kabla sijabaki bila hata kimoja." Mimi ni fundi, niko na kibanda Roysambu, Nairobi, natengeneza vitu vya stima, na kesi kama hizi huletewa kila Desemba watu wakirudi nyumbani na masanduku, kwa hivyo nilidhani najua kisa chote kabla hata sijakata simu. Nilijua sehemu kubwa. Ile sehemu sikujua ndio ilikuwa ya maana zaidi, na ndio imenifanya nikae chini niandike.

Nitaeleza kwa mpangilio wa venye nilivikuta, si wa venye vilitokea, juu hio tofauti ndio ilinipotosha.

Nilifika saa moja jioni baada ya kufunga kazi. Mlangoni tu unasikia harufu ya plastiki imeungua, na harufu ya siku kadhaa si ya leo. Kwa meza ya sebuleni shangazi alikuwa amepanga vitu kama mtu anangoja polisi: blodrai yake ya nywele mdomo umeyeyuka, maikrowevu kubwa ya chuma ambayo haionyeshi hata saa, adapta nyeupe, na kijisanduku cheusi kimeandikwa 2000W. Mzee alikuwa kwa kiti chake amenyamaza, macho mekundu, nikasema moyoni huyo bado ana uchovu wa ndege. Nikaenda moja kwa moja kwa blodrai.

Blodrai yenyewe imeandikwa kwa mpini wake: AC 120V 60Hz 1875W. Hapo tu kisa kimeisha, lakini shangazi hakuelewa, na sio yeye pekee, kwa hivyo nikamweleza hivi. Stima ya Marekani inatoka ukutani na msukumo wa volti 120. Yetu ya Kenya inatoka na 240. Nikatoa maltimita nikaweka kwa soketi yake ikasoma 243, nikamwambia shangazi, angalia, hii stima haijakosea, hivi ndivyo inatakiwa kuwa hapa, kwa hivyo tusiilaumu. Adapta uliyonunua inabadilisha miguu ya plagi peke yake. Ndani yake hakuna kitu, ni vipande vya shaba vinatoa stima upande huu vinapeleka upande ule, 240 inaingia na 240 inatoka. Aliyemuuzia mjini alimwambia "hii mama itageuza stima ya huku iwe ya kule", na mimi sijui kama alidanganya makusudi ama pia yeye aliambiwa hivyo na akaamini, lakini maneno hayo yaligharimu.

Sasa watu wengi hudhani ukizidisha volti mara mbili kitu kitapata moto mara mbili. Hapana, ni mara nne, na nataka hii ieleweke vizuri. Fikiria tangi la maji juu ya gorofa. Ukilipandisha juu zaidi msukumo unaongezeka, na kwa sababu msukumo umeongezeka maji yanayopita kwa bomba pia yanaongezeka. Kazi inayofanyika ni msukumo mara maji yanayopita. Vyote viwili vimekuwa maradufu, mbili mara mbili ni nne. Ile koili ya blodrai ni bomba tu, haijui iko Boston ama Kahawa Sukari. Kule ilikuwa inavuta ampea 15 na nusu hivi, inatoa wati 1875. Hapa ilivuta ampea 31 na kutoa wati 7500. Zile shawa za stima tunaogea, zile zinafanya taa zipungue mwangaza nyumba nzima, nyingi ni wati 5000 na kidogo. Shangazi alikuwa ameshika kwa mkono, karibu na kichwa chake, kitu chenye moto kuliko shawa nzima, na bila maji ya kukipoza. Alisema ililia kama ndege inapaa, alafu ndani pakawa pekundu, alafu moshi, akaitupa sakafuni. Namshukuru Mungu kwa huo mtupo.

(Ukienda na vitu vya huku kule, hesabu ni hio hio kinyume. Birika la stima la wati 2000 la Nairobi ukiliunga Marekani linatoa kama 500, halitaungua, litakaa tu hapo maji yawe vuguvugu ukingoja chai mpaka uchoke. Ni afadhali uchoke.)

Swali ambalo mzee aliuliza, na lilikuwa swali zuri sana, ni kwa nini swichi kubwa ya ukutani haikuanguka. Soketi za nyumba nyingi hapa zimefungwa na brekaa ya ampea 32. Blodrai ilivuta 31. Brekaa kwa upande wake haikuona shida yoyote, iko chini ya kiwango chake, inaweza kuendelea hivyo hata usiku kucha. Ndio maana plagi zetu za miguu mitatu minene zina fyuzi ndani. Waingereza walipotengeneza hii plagi, kiwango chake kilitoka mwaka 1947 baada ya vita, walikuwa wanataka kuokoa shaba, wakaamua waya mmoja mnene uzunguke nyumba ukilisha soketi zote, na kila kifaa kibebe fyuzi yake kwa plagi, 3 ama 5 ama 13, kulingana na kifaa. Sisi tumerithi mfumo wote. Kwa hivyo fyuzi ya plagi si mapambo, ndio mlinzi wa waya wa kifaa chako. Nikafungua ile adapta nyeupe ya shangazi: hakuna fyuzi. Ikiwa na ya 13 hio fyuzi ingekatika baada ya sekunde chache na blodrai pengine ingepona. Adapta bila fyuzi imeondoa mlinzi na kuacha mlango wazi, na ziko kwa wingi mtaani, nyepesi, za bei ya chini, za kila umbo. Mimi sizipendi kabisa na sitaficha.

Na ile plagi ya blodrai yenyewe, yenye kichwa kikubwa na vitufe vya TEST na RESET, shangazi aliamini itamlinda. Ile ni ya maji, blodrai ikianguka kwa beseni ndio inakata. Volti zikizidi haina habari.

Hio ya blodrai ilikuwa Jumamosi asubuhi. Jumapili baada ya kanisa, jirani akamwambia adapta peke yake haitoshi, unahitaji konvata. Jirani alikuwa sahihi kwa neno na akakosea kwa kitu. Wakatuma kijana mjini akarudi na kile kijisanduku cheusi cha 2000W, kinatoshea kiganjani, na shangazi akaunga maikrowevu. Ikawaka, akafurahi, akaweka chakula, ikaanza kunguruma sauti nzito isiyo ya kawaida, alafu tap, ikazima kabisa.

Hapa lazima nikae kidogo. Kuna vitu viwili tofauti na vyote vinauzwa kwa jina la konvata. Kimoja ni transfoma, chuma kimezungushiwa waya wa shaba, kizito, ukikiinua unasikia bega. Hicho kinachukua wimbi la stima la 240 na kulitoa likiwa wimbi lile lile zuri la mviringo, ila dogo, 120. Kile kingine ni chepesi kwa sababu hakina chuma wala shaba ya maana, kina kifaa cha elektroniki ambacho kinakatakata wimbi, kinaacha kipande kipite na kuzuia kingine, mara mia kwa sekunde, ili ukipiga wastani wa moto upate kama wa 120. Lakini wastani ni wastani. Hicho kipande kinachopita bado kinaweza kufika kilele cha zaidi ya volti 300, wakati wimbi la Marekani kilele chake ni 170. Koili ya moto haijali, inajua wastani tu. Kitu chenye bodi, saa, kompyuta ndogo ndani, kinaona kile kilele na kinakufa nacho.

Maikrowevu niliifungua. (Tafadhali usifungue yako. Ndani kuna kapasita inayobeba volti kama elfu mbili na inaweza kukaa nazo hata ukiwa umeng'oa plagi, imeua watu wanaojua kazi.) Fyuzi imekatika, na kwenye bodi kile kidude cha kulinda, varista, kimepasuka. Varista ya kifaa cha 120 kazi yake ni kujitoa mhanga ikiona msukumo umepita kiasi, inafunga njia na kulipua fyuzi. Ilifanya kazi yake. Bodi yenyewe sikuwa na hakika nayo mpaka nibadilishe hivyo viwili nijaribu.

Ona sasa venye mambo yalipishana. Konvata nyepesi ilitengenezewa vitu vya moto vya dakika chache, vitu kama blodrai yenye swichi ya kawaida. Kwa hivyo adapta ilienda kwa kitu kilichohitaji konvata, na konvata ikaenda kwa kitu kilichohitaji transfoma. Kila kifaa kilipewa dawa ya mwenzake. Na hata kile kijisanduku kingesaidia blodrai ningemwambia asijisumbue, 1875 kwa 2000 ni karibu mno na ukingo, blodrai ya volti 240 inapatikana kila mtaa Nairobi.

Tukaendelea na vitu vilivyokuwa bado kwa sanduku, na nikiri nilifurahia hio kazi, muda ukaenda. Mikisa ya kukanda unga, nzito, wati 325, motor yake ni ya brashi za kaboni. Hio nikamwambia aihifadhi, hii inaokoleka. Jumatano yake nilienda barabara ya Luthuli mjini nikamchukulia transfoma ya wati 1000, na nilichagua hivi: kwanza nikaiinua, ikikuja juu kama mkate naiacha. Pili nikauliza ni 1000 ya kufanya kazi mfululizo ama ni ya kilele, maana kuna zinaandikwa namba kubwa ambazo zinavumilia kwa sekunde tu. Tatu nikapima kabla ya kulipa, 240 ikiingia inatoa ngapi, ikatoa 121, sawa. Motor ikianza inavuta zaidi ya ile imeandikwa kwa leboli ndio maana sikununua ya 400 kwa kitu cha 325, nenda maradufu na zaidi. Na nikamwonya mzee, ukimaliza zima ukutani, transfoma ikikaa imewashwa bila kitu inanguruma na kula tokeni pole pole mwezi mzima.

Mashine ya kunyoa ya mzee ilinisumbua zaidi. Ni ile ya kawaida ya waya, ndani hakuna motor, kuna sumaku inayovutwa na kuachwa na stima yenyewe. Na hapa ndio watu hushangaa, kwa sababu transfoma inabadilisha volti tu. Marekani stima inaenda na kurudi mara 60 kwa sekunde, ndio hezi 60, sisi hezi 50, na hakuna transfoma duniani inayogeuza hio. Kule ile blade ilikuwa inapiga mara 7200 kwa dakika. Hapa, hata uipe volti zake 120 kamili, inapiga 6000, na kwa vile springi yake imekatwa kwa 60, inagongana na kupiga kelele kama bati. Upande kuna kiskrubu, ukikilegeza kidogo kelele inapungua, lakini koili inapata moto zaidi na nguvu si ile. Mzee alisema atatumia hivyo hivyo kwa sababu amenyolewa nayo miaka kumi. Ni haki yake. Mimi ningenunua ya kuchaji.

Hio hio hezi ndio ingesumbua maikrowevu hata kama ningeifufua na kuiwekea transfoma kubwa ya kuitosha. Chuma chake cha ndani kimetengenezwa kwa 60, kwa 50 kinashiba mapema na kuchemka, na kama saa yake inahesabu mapigo ya stima basi kila saa inapoteza dakika kumi. Dakika mbili za kupasha chakula si dakika mbili tena. Nikamwambia shangazi aiache. Alinyamaza. Binti yake ndiye alimnunulia kama zawadi ya kuhama, na kule WhatsApp alikuwa ameshaanza kuuliza, "Mama, maikrowevu inafanya?" Hapo ndio niliona si mambo ya plastiki na chuma tu.

Kuna jambo moja nitupe hapa kabla sijasahau, usihukumu kitu kwa miguu ya plagi. Shangazi alikuwa na feni ndogo ya mjukuu, miguu miwili bapa, akaitupa kwa rundo la vitu vya Marekani. Nikasoma chini: 220V 50Hz. Imetoka China, na huko wanatumia miguu bapa na stima ya 220. Feni ilikuwa yetu kabisa, inahitaji adapta na basi. Na kuna wengi wamefanya kinyume, wameona miguu bapa wakaweka transfoma kwa kitu cha 220, kikazunguka kama kimechoka, wakakitupa kikiwa kizima.

Saa tatu na nusu usiku nikaanza kukusanya vyuma vyangu. Nimekaa pale zaidi ya masaa mawili, nimefungua, nimepima, nimefundisha. Ndio mzee akaongea kutoka kwa kiti chake, taratibu, "Na ile mashine yake ya kulala, hio nayo ndio basi?"

Nikamwangalia shangazi. Shangazi akaangalia chini. "Hio iliungua siku ya kwanza," akasema, "sikutaka kukuonyesha, najua haitengenezeki, na bei yake ni ya bima ya kule, sasa sina bima ya kule."

Shangazi ana ule ugonjwa wa kukatika pumzi usingizini. Mtu akilala koo linajifunga, anakaa sekunde kumi, ishirini, zaidi, bila hewa, mwili unamshtua, anavuta pumzi kwa kishindo, alafu linajifunga tena, hivyo usiku kucha. Si kukoroma kwa kawaida, unachosha moyo na kupandisha presha. Dawa yake ni CPAP, mashine ndogo inayopuliza hewa kwa bomba mpaka kwa barakoa puani, ule upepo unashikilia koo likae wazi. Alikuwa amelala nayo kila usiku kwa miaka saba. Ijumaa, Jumamosi, Jumapili hakuwa nayo. Na mzee siku hizo tatu hakulala, alikuwa anakaa macho anasikiza kama mke wake bado anapumua, anamgusa bega akinyamaza sana. Yale macho mekundu niliyoyaona mlangoni na kuyapita, ndio hayo.

Nikamwomba ailete. Ikaletwa kwa mfuko wake wa safari, imefungwa zipu kama kitu cha kuzikwa. Nikamwuliza Ijumaa ilikuaje hasa, neno kwa neno. Akasema alitoa ekstensheni yake ya Marekani, ile ndefu ya soketi sita, akaiunga ukutani na adapta, taa yake ikaonekana, alafu akachukua plagi ya CPAP, na venye tu aliiingiza, paaa, cheche, giza nyumba nzima. Mzee akapandisha swichi, stima ikarudi. Ekstensheni inanuka. Basi akaamua mashine ya kulala ndiyo imelipuka, kwa sababu ndiyo aliyokuwa ameshika.

"Ekstensheni iko wapi?" Iko kwa pipa la taka nyuma. Nikaitoa, nikaifungua pale pale kwa tochi ya simu. Ndani kulikuwa na varista tatu, za volti 130, mbili zimepasuka katikati na moja imekuwa majivu, ukuta wa ndani mweusi tititi. Hii ekstensheni ilikuwa ya aina inayojitangaza kulinda vifaa dhidi ya mishtuko ya stima. Kifaa cha kulinda cha 120 ukikiweka kwa 240 kinaona mshtuko usioisha, kinajitoa mhanga papo hapo, na kwa kuwa adapta haikuwa na fyuzi, brekaa ya nyumba ndiyo ilibidi ikate. Ingelipuka hata kama hakuna kitu kimeungwa. CPAP ilifika tu mlangoni wakati nyumba inaanguka.

Nikageuza ile chaja ya CPAP, tofali dogo jeusi, nikampa shangazi miwani yake, nikamwambia soma mwenyewe kwa sauti. Akasoma: "INPUT 100 mpaka 240V, 50/60Hz." Akasoma tena. Hio namba maana yake hicho kitofali kinakula stima ya Marekani, ya Kenya, ya Japani ambayo ni volti 100, hezi 50 upande wa Tokyo na 60 upande wa Osaka, na hakijali. Chaja za aina hii zinageuza stima kwanza iwe ya moja kwa moja alafu zinaipunguza zenyewe, kwa hivyo volti na hezi za ukutani si shida yao. Chaja ya simu yake ni hivyo hivyo, ya laptopu ni hivyo hivyo. Katika nyumba nzima, kifaa alichohitaji zaidi kuliko vyote ndicho kingefanya kazi siku ya kwanza bila konvata wala transfoma.

Sikuiunga na ile adapta. Kebo ya hicho kitofali inachomoka, upande mmoja una yale matundu matatu kama jani, sawa na chaja nyingi za laptopu. Nina kebo kama hio kwa begi kila siku, ya plagi yetu ya miguu mitatu, na fyuzi ndani. Nikafungua plagi nikatoa fyuzi ya 13 nikaweka ya 3, inatosha kabisa. Hii ndio njia ninayoipenda kuliko adapta yoyote, ikiwa kebo inachomoka badilisha kebo, ni bei ya chakula cha mchana na haining'inii ukutani ikilegea usiku. Mzee alikuwa ameletewa na jirani kebo ya miguu miwili mviringo, ile watu husukuma kalamu kwa tundu la juu ili vilango vya soketi vifunguke, nikamrudishia. Vile vilango viliwekwa kwa ajili ya vidole vya watoto, na mjukuu anakuja likizo.

Nikaongeza kile kifaa cha kulinda friji stima ikipotea na kurudi kwa kishindo, walikuwa nacho kimoja kwa friji, nikawaambia kesho wanunue cha pili kiwe cha hii.

Nimefikiria sana hio jioni. Nilipoteza masaa mawili kwa maikrowevu, kitu cha kupasha wali, na mtu wangu wa damu amekaa mbele yangu siku tatu bila hewa vizuri. Sikuuliza. Nilienda kwa vilivyopangwa mezani kwa sababu vilikuwa vimeungua na kunuka, kumbe kile kilichofichwa ndicho kilikuwa kizima. Siku hizi mtu akinipigia, "nimerudi na vitu vimeungua," swali langu la kwanza kabla ya volti ni kama kuna mtu hapo nyumbani anategemea mashine ya hospitali, ya kupumua, ya sukari, ya dawa ya mvuke, na hio nataka nisomewe leboli kwa simu saa hio hio. Na mtu akiwa bado hajapanda ndege, namwambia asome leboli akiwa kule, ekstensheni aiache kule, blodrai aiache kule, lakini ile mashine aibebe mkononi.

Tukaiunga pale pale sebuleni. Taa ya kijani ikawaka. Shangazi akavaa barakoa kwanza kwa wasiwasi, mashine ikaanza kupuliza, ile sauti ndogo ya upepo, na mabega yake yakashuka. Nilikataa kuondoka mara moja, nilikaa dakika ishirini nikigusa kitofali kila baada ya muda, kilikuwa vuguvugu tu, venye huwa. Shangazi alinionyesha kidole gumba kutoka nyuma ya barakoa. Niligeuka nimuage mzee, nikakuta ashalala kwa kiti, mdomo wazi, na rimoti mkononi.